Meneja bila daftari

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii. Tunayachapa kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikia.)



Wiki iliyopita kijana mmoja alinisubiri nje ya lango la kituo chetu toka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, juani, akiwa na flashi mkononi. Nilipotoka kwenda kula akanisogelea, akaniamkia, kisha akasema: "Mzee, sikuombi upige wimbo wangu. Naomba unitafutie meneja."

Hilo la "mzee" nililimeza, maana mvi haziombi ruhusa. Nikamwuliza, meneja wa kukufanyia nini? Akajibu bila kusita: "Wa kunitoa."

Kunitoa. Kwa wale wasiofuatilia muziki wa vijana, msanii "hutoka" pale wimbo wake unapoanza kusikika kwenye daladala na vibanda vya chipsi, na anayemwezesha kufika hapo husemwa "amemtoa". Neno hili huwa linanitia shaka kidogo. Mtu anayehitaji kutolewa huwa yuko ndani mahali fulani, na ufunguo anao mwingine. Akishatolewa, mwenye ufunguo haachi kumkumbusha.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya kazi ya umeneja wa wanamuziki, na nitaanza na meneja ninayemfahamu kuliko wote: mimi mwenyewe.

Mwaka 2011 nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha jioni. Stashahada yangu ya uandishi wa habari ilikuwa imetundikwa ukutani kwa mama yangu, na mshahara wangu ulikuwa unaisha tarehe kumi na mbili. Kijana wa Temeke, ambaye jina lake nitalihifadhi, akaniletea wimbo uliorekodiwa vibaya lakini ulioimbwa vizuri sana. Nikaupenda. Nikamlipia studio shilingi 150,000 aurudie, na ulipotoka safi nikaanza kuupiga. Siku moja akaniambia, "Kaka, kwa nini usinisimamie wewe mwenyewe?" Nikajiuliza, kweli, kwa nini nisimsimamie?

Nikaandika mkataba wa ukurasa mmoja. Kusema kweli sikuuandika, niliunakili kutoka kwa rafiki aliyekuwa na msanii wake, naye sijui aliunakili wapi. Ulisema mapato ni nusu kwa nusu. Ulisema pia kwamba nyimbo zote atakazotunga msanii katika miaka mitano ni mali ya meneja. Kijana alisaini juu ya boneti ya teksi, akicheka kwa furaha. Hakuusoma. Na mimi, aliyesomeshwa kusoma, sikumsomea.

Onyesho la kwanza lilikuwa Morogoro. Mwenye ukumbi alitulipa shilingi 800,000. Gari, wacheza shoo wawili, chakula na malazi vilikula 300,000, zikabaki 500,000. Nusu yangu ikawa 250,000 na nusu yake hivyo hivyo. Lakini kwenye nusu yake nikakata zile 150,000 za studio. Akaondoka na laki moja. Aliushika ule mshiko, akaangalia ukumbi uliokuwa umefurika, akaniuliza, "Kaka, umati wote ule, na mimi ni hii?" Nikamwambia ajifunze kuvumilia, kwamba muziki ni safari ndefu. Hayo ndiyo maneno ya mameneja duniani kote pale hesabu inapokuwa ngumu kuieleza.

Yakafuata maonyesho mengine: Dodoma, Kibaha, Mbagala, sherehe mbili za harusi. Sikuandika chochote. Pesa iliingia mfuko wa kulia wa suruali na kutoka mfuko wa kushoto. Nilikuwa na simu mbili na kofia, kwa hiyo nilijiona meneja kamili.

Baada ya miezi kumi na moja mlinzi akanipigia simu studio kwamba kuna mama ananitafuta. Alikuwa mama mzazi wa kijana, mama lishe anayeuza wali karibu na soko moja huko Temeke. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi la mapokezi na kutoa katika kanga yake daftari la shule, lile la kurasa mia.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi wali maharage nauandika. Anayekula kwa mkopo namwandika, aliyelipa namfuta. Hapa mbele ni wateja wangu. Huku nyuma ni kazi za mdogo wako. Kila akirudi safari ananieleza nami naandika. Hii laki na nusu ya studio umeikata Morogoro. Umeikata tena Dodoma. Mwanangu alirekodi mara ngapi?"

Nikanyamaza.

"Basi nionyeshe na wewe daftari lako, tulinganishe. Labda mimi ndiye niliyekosea."

Wasikilizaji wapenzi, sikuwa na daftari. Naapa kwamba sikukusudia kumkata kijana mara mbili. Nilisahau, kwa sababu sikuandika. Lakini nilipokuwa nimesimama mbele ya yule mama niliona wazi kwamba kwake yeye, kati ya meneja mwizi na meneja msahaulifu hakuna tofauti, maana pesa iliyopotea ni ile ile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa nimeifanya ya mwenzangu ipotee.

Na kuna la pili, ambalo yule mama hakuliuliza kwa kuwa halikumhusu. Linawahusu ninyi, na sijawahi kulisema hewani hadi leo. Katika miezi ile yote niliupiga wimbo wa kijana yule mara tatu, mara nne kwa wiki. Nilisema ni wimbo "unaotamba mitaani" kabla mtaa wowote haujausikia. Niliwaomba watangazaji wenzangu nao waupige. Hakuna msikilizaji aliyeambiwa kwamba nusu ya mapato ya wimbo ule ilikuwa inaingia mfukoni mwangu. Chuoni tulifundishwa kwamba mwandishi asiandike habari anayonufaika nayo, na nilipata alama nzuri katika somo hilo. Kuna vijana wengine waliosimama langoni na nyimbo nzuri kuliko ule, wakakosa nafasi kwa sababu nafasi nilikuwa nimeikalia mwenyewe. Hao siwezi kuwalipa, kwa sababu hata majina yao sikuyaandika.

Kijana wa Temeke nilimrudishia shilingi zake kwa mafungu mawili. Tukaandika karatasi nyingine kwamba nyimbo zote ni zake, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga mhuri, na mkataba wa kwanza ukachanwa. Wimbo wake uliofuata haukutoka. Leo anakodisha spika na kuimba katika harusi, na tukikutana tunasalimiana vizuri. Umeneja wangu uliishia hapo. Lakini umenifanya niitazame kazi hii kwa jicho jingine, na ninayoyaona ndiyo ninayotaka kuwagawia.

Tuanze nyuma kidogo. Hapa kwetu, baada ya uhuru, mwanamuziki wa bendi hakuwa na meneja kwa maana ya leo. Alikuwa na mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, UDA Jazz ya shirika la mabasi, Bima Lee ya shirika la bima, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Magitaa yalikuwa ya mwajiri, gari la mwajiri, na jina la bendi la mwajiri. Mwanamuziki alipata mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Uzuri wake ni kwamba mshahara ulikuwapo hata ukumbi usipojaa. Ubaya wake ni kwamba alipoondoka alitoka na sauti yake tu.

Ndiyo maana wanamuziki walikuwa wakihama sana. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, walihamia International Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima, na mashabiki wa mji huu walizungumza juu ya jambo hilo kama wanavyozungumza leo juu ya usajili wa Simba na Yanga. Lakini kuhama mwajiri hakukubadili swali la msingi: wimbo ni wa nani?

Mzee Gurumo alistaafu mwaka 2013 baada ya kuimba kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka huo huo kijana Diamond Platnumz akamzawadia gari. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Kijana alifanya jambo la heshima. Lakini usiku nikajiuliza, inakuwaje mtu aliyeimba nusu karne, ambaye sauti yake inajulikana hadi vijijini, asubiri gari la zawadi? Mzee Gurumo alifariki mwaka uliofuata, Aprili 2014. Sina neno baya juu ya waliomwongoza, maana utaratibu wenyewe ndivyo ulivyokuwa. Lakini zawadi ni hisani ya mtu, na haki ni ya mwenye jasho. Zisichanganywe.

Kisha ukaja mwaka 1994 na redio za binafsi, zikaja studio ndogo ndogo, na muziki wa vijana tunaouita Bongo Fleva. Mwajiri akaondoka, akaja meneja. Na kwa kuwa mji ulikuwa haujawahi kumwona mtu huyo, kila mwenye simu na gari alijipachika cheo hicho. Hata watangazaji, kama mlivyosikia.

Wenye kuifahamu kazi hii hutenganisha watu wanne. Meneja ni yule anayemshauri msanii, anayepanga safari yake yote ya kazi na kusema kwa niaba yake. Wakala ni yule anayemtafutia maonyesho. Promota ndiye anayekodi ukumbi, anayetangaza onyesho na kupata hasara watu wasipokuja. Prodyuza ndiye anayetengeneza wimbo studio. Kwetu mara nyingi hao wanne ni mtu mmoja. Sasa fikirini. Kazi ya meneja ni kumbana promota aongeze malipo. Kama promota ni yeye mwenyewe, atambana nani? Kazi yake ni kuuliza prodyuza anataka sehemu gani ya wimbo. Kama prodyuza ni yeye, nani atauliza?

Tuje kwenye malipo. Katika nchi zilizozoea biashara hii, meneja kwa kawaida hupata asilimia 15 hadi 20 ya mapato ya msanii. Lakini asilimia peke yake haikuambii kitu mpaka uulize: asilimia ya nini? Tuseme onyesho limelipa 2,000,000 na gharama ni 1,000,000. Asilimia 20 ya mapato kabla ya gharama ni 400,000, na msanii anabaki na 600,000. Asilimia 20 hiyo hiyo baada ya gharama ni 200,000, na msanii anabaki na 800,000. Mkataba ni ule ule, jioni ni ile ile, na tofauti ni laki mbili. Yote hayo ni kwa sababu ya maneno mawili matatu ambayo kijana hakuyasoma juu ya boneti ya teksi.

Na msidhani kwamba ni sisi maskini tu tunaodhulumiana. Elvis Presley wa Marekani, mmoja wa waimbaji waliouza santuri nyingi kuliko wote, alikuwa na meneja aliyeitwa Tom Parker. Bwana huyo alianza na asilimia 25, na kufikia mwaka 1967 akawa anachukua nusu, yaani nusu kwa nusu kama yangu ya Temeke. Mwaka 1973 aliuza kwa kampuni ya RCA haki ya mapato ya nyimbo za zamani za Elvis kwa dola milioni 5.4. Elvis akafariki mwaka 1977, na nyimbo hizo zinauzwa hadi leo. Baada ya kifo chake wakili aliyewekwa na mahakama kulinda maslahi ya binti yake aliona kwamba alichokuwa anachukua Parker kilizidi mno desturi ya biashara hiyo.

Hata meneja mwema hukosea. Brian Epstein alikuwa na duka la santuri Liverpool, Uingereza, alipowaona Beatles mwaka 1961 wakipiga katika ukumbi wa chini ya ardhi. Aliwavisha suti, akawazungusha kwenye kampuni za santuri, akakataliwa, akarudi tena hadi wakakubaliwa. Bila yeye huenda tusingewajua. Lakini ilipofika biashara ya vikombe, fulana na nywele za bandia zenye jina la Beatles, upande wake ulitia saini kuwapa watu wengine asilimia 90 ya mapato hayo. Hakuwa mwizi, ila hakujua thamani ya kitu alichokuwa anauza. Alifariki mwaka 1967 akiwa na miaka 32.

Nisiwe upande mmoja tu. Wako mameneja waliokopa, waliouza viwanja, waliolala kwenye magari ili msanii alale hotelini. Halafu wimbo unatoka, msanii anabadili namba ya simu, na huyo aliyemshika mkono anasikia habari zake redioni kama sisi wengine. Kupanda ngazi kisha ukaipiga teke ni dhuluma pia. Ndiyo maana mkataba unamlinda meneja kama unavyomlinda msanii. Mkataba mzuri husema meneja atarudishiwa gharama zake vipi, na kama wakiachana, ataendelea kupata sehemu gani ya kazi alizozileta yeye na kwa muda gani, mpaka ikome. Wakiandika hayo wakiwa bado wanacheka pamoja, hawatayaandika wakiwa mahakamani.

Kwa hiyo kijana mwenye flashi, na wazazi wenye kijana wa namna hiyo, shikeni haya machache.

Kwanza, msisaini siku ile ile. Chukueni karatasi mwende nayo nyumbani. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano yawe ya hiari na ya watu wenye umri wa kufanya mkataba. Hiari ya mtu asiyejua alichosaini ni hiari ya jina tu. Kama hamna pesa ya wakili, tafuteni mwalimu, karani, mtu yeyote mtulivu anayesoma polepole. Meneja anayekasirika kwa kuombwa siku tatu, atakasirika zaidi mtakapomwomba hesabu.

Pili, ulizeni wimbo ni wa nani. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na COSOTA iliundwa kwa sheria hiyo. Meneja anastahili kulipwa kwa kazi yake. Hilo halimfanyi awe mtunzi. Kumpa asilimia ya mapato ni jambo moja, kumpa wimbo ni jambo jingine kabisa. Ni kama tofauti ya kumlipa dalali na kumwachia nyumba.

Tatu, siku hizi wimbo unaishi mtandaoni. Ulizeni akaunti ya YouTube imefunguliwa kwa jina la nani na neno la siri analo nani. Nimeona watu wakiachana, na mmoja akabaki na nyimbo zote pamoja na mashabiki wote, mwenzake akaanza upya kama mgeni mjini.

Nne, mkataba uwe na mwisho. Miaka miwili au mitatu inatosha kujua kama mtu anafaa. Miaka kumi ni nusu ya ujana.

Tano, na hili ndilo nililolipia ada, daftari. Meneja awe na lake, na msanii awe na lake. Kila mwezi wakae walinganishe, kama mama lishe na mteja wake. Hakuna urafiki unaoharibiwa na hesabu, ila hesabu iliyofichwa imeharibu urafiki mwingi.

Na kwa wenzangu wa redio nina moja tu. Kama una msanii wako, sema una msanii wako, au umwache. Kipaza sauti ni cha wasikilizaji, sisi tumeazimwa.

Sasa mtauliza, yule kijana wa langoni nilimwambia nini? Nilimwuliza kama ana daftari. Akasema ana la mashairi ya nyimbo. Nikamwambia aliache hilo, akanunue jingine, aandike amelipa kiasi gani studio, tarehe gani na nani alikuwapo, kisha arudi nimtajie watu wawili watatu wa kwenda kuwauliza. Mimi mwenyewe simo. Akaniangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa ndoo.

Jana mlinzi aliniambia kwamba alirudi, hakunikuta. Wimbo wake nimeusikiliza, ni mzuri. Nimeuacha mezani kwa mwenzangu anayechagua nyimbo, na sikumwambia ni wa nani wala nimeupata wapi. Aupige au asiupige kwa kadiri atakavyousikia.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.